Tukiliogopa jina la kipindupindu, hatutakimaliza

Wahenga hawakukosea waliponena ya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii twaifundisha madarasani, twaitungia insha, na kila mwaka watahiniwa wengi huinukuu mbele ya watahini wao. Hata hivyo, kila mvua kubwa zinapogharikisha mitaa yetu na maji ya visima yakachanganyika na maji ya vyoo, sisi wenyewe, wakubwa kwa wadogo, huwa wa kwanza kuipuuza. Mtu huendesha maji matupu tangu alfajiri hadi adhuhuri, macho yakadidimia na ngozi ikanywea, nasi twasema ati amevurugika tumbo kidogo. Zahanati huandika "kuhara". Ofisi hutangaza "ugonjwa unaochunguzwa". Siku nyingi baadaye, makaburi yakishachimbwa, ndipo jina linapotajwa: kipindupindu.

Mimi si daktari wa tiba. Udaktari wangu ni wa isimu, na kazi yangu chuoni ni kuwafundisha vijana jinsi maneno yanavyoundwa, yanavyobeba maana, na jinsi yanavyoweza kuificha. Yamkini msomaji atauliza mwanaisimu anahusikaje na maradhi ya tumbo. Jibu langu ni kwamba ufuatiliaji wa maradhi, kabla haujawa kazi ya maabara, ni kazi ya maneno: nani ameugua, ameugua vipi, lini, wapi, na alikunywa maji gani. Maneno hayo yakipotoka, hesabu hupotoka. Hesabu ikipotoka, shabaha zote tulizojiwekea za afya ya umma hugeuka ndoto za Alinacha.

Niruhusiwe kuanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni karibu na Ziwa Victoria. Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 1997 zilikuwa zimebomoa vyoo viwili vya shimo, na bomba la maji lilikuwa limekauka, hivyo tulikuwa tukichota maji ziwani kwa ndoo. Nilikuwa kiranja wa zahanati. Kazi yangu ilikuwa kulitunza daftari kubwa lenye jalada jeusi na kuandika humo jina la kila mwanafunzi aliyekuja kuomba dawa, bweni lake na maradhi yake. Jumatatu moja asubuhi walikuja wawili. Jioni wakawa watano. Kufikia Jumanne, tisa.

Wa kwanza alinieleza kwamba ameendesha maji mara nane usiku, nami nikaandika hivyo hivyo. Mwalimu mmoja mwenye mamlaka aliyekuwa amesimama nyuma yangu akanishika mkono. "Kijana, andika tumbo," akaniambia. "Wazazi wakilisikia lile neno, shule hii itafungwa." Sikumbishia. Nani angembishia mwalimu zama zile? Nikaipiga mstari ile sentensi, nikaandika "tumbo". Kisha nikaandika "tumbo" mara nane zaidi.

Watatu kati ya wale tisa walipewa ruhusa waende nyumbani kupumzika. Mmoja wao, mtoto wa kidato cha pili aliyelala kitanda cha chini ya changu, alipanda matatu akiwa na chupa ya maji yale yale ya ziwa. Alifariki siku ya pili. Katika matanga yake waombolezaji walikula pamoja kama ilivyo desturi, na baadhi yao wakaugua. Hatimaye alipofika afisa wa afya, aliliomba daftari langu. Alitaka kujua jambo moja tu: maradhi haya yameanza lini na kwa nani? Akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. "Tumbo, tumbo, tumbo," akasoma kwa sauti. Katika daftari hilo neno "tumbo" lilikuwa limeandikwa kila wiki tangu muhula uanze: tumbo la maharagwe, tumbo la kukwepa mbio za asubuhi, na sasa tumbo la kipindupindu. Nani angejua lipi ni lipi? Akalifunga daftari, akanitazama bila hasira. Mtazamo ule umeniuma kuliko kiboko chochote nilichowahi kuchapwa.

Katika isimu, neno linalotumiwa kulifunika jambo zito au la aibu huitwa tafsida. Tafsida yenyewe si uovu. Twasema mtu amejifungua, amekwenda haja, ameaga dunia, na bila maneno kama hayo adabu ya lugha yetu ingekuwa na upungufu mkubwa. Lakini tafsida ina mahali pake. Haifai pale ambapo msomaji wa maneno hayo anatakiwa kutenda jambo kwa haraka. Daftari la zahanati si risala ya rambirambi. Aliandikiwa mtu wa kuchukua hatua, na mtu huyo akifichwa ukweli hatachukua hatua yoyote.

Isitoshe, jina lenyewe la Kiswahili halina aibu. Kwa jinsi nilionavyo, kipindupindu latokana na shina la vitenzi pinda na pindua, na kurudiwa kwa shina hilo kwatilia nguvu tendo lenyewe: maradhi yampindayo mtu kwa mikakamao ya misuli na kumpindua ghafla akiwa mzima wa afya. Watu wa pwani walikuwa pia na neno waba, lenye asili ya Kiarabu. Wazee wetu waliyatazama maradhi, wakaona yatendayo, wakayaita kwa matendo yake. Ni sisi wasomi tunaoona haya.

Wataalamu wa afya nao wana kauli yao iliyo wazi vivyo hivyo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kuhara maji ni kwenda haja ya majimaji yasiyo na damu mara 3 au zaidi katika muda wa saa 24. Mahali ambapo mkurupuko haujathibitishwa, mtu wa umri wa miaka 2 au zaidi anayehara hivyo na kuishiwa sana na maji mwilini, au akafa kwa kuhara hivyo, hushukiwa kuwa na kipindupindu. Mkurupuko ukishathibitishwa, kila anayehara hivyo huhesabiwa. Ufafanuzi huu hauhitaji darubini. Wahitaji macho, saa na kalamu. Lau ningeiacha sentensi yangu ya kwanza katika lile daftari, bila hata kulitaja jina la maradhi, afisa yule angelikuwa na pa kuanzia.

Kwa hivyo simtaki mwalimu wala muuguzi wa kijijini atangaze kipindupindu kabla ya vipimo. "Kuhara maji" ni maneno ya haki na ya kweli kabla ya matokeo ya maabara kufika. Hugeuka uongo pale matokeo yanapokuwa mezani na bado yanaendelea kutumiwa ili jina lisitamkwe. Tofauti baina ya tahadhari na udanganyifu i hapo.

Historia yatufunza kwamba maradhi haya yalifuatiliwa vyema kabla ya watu kukubaliana juu ya chanzo chake. Mwaka 1854 mtaa wa Soho, London, ulipigwa na kipindupindu kilichoua zaidi ya watu 600. Daktari John Snow alichukua orodha ya waliokufa, akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja la msingi: maji ya kunywa mlichota wapi? Majibu yakamwelekeza kwenye pampu moja ya barabara ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu, kilichokuwa na kisima chake chenyewe, hawakudhurika kama majirani zao. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ile ukaondolewa. Mkurupuko ulikuwa umekwisha kuanza kupungua kwa kuwa wengi walikuwa wameuhama mtaa, lakini hoja ya Snow juu ya maji ilisimama. Robert Koch alikuja kumtambulisha bakteria wa kipindupindu kwa ulimwengu wa tiba miaka 30 hivi baadaye.

Mfano wa pili watoka kwetu, na nasikitika kwamba wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki hawajausikia. James Christie, daktari Mskochi aliyeishi Zanzibar, alichapisha mjini London mwaka 1876 kitabu juu ya misambao ya kipindupindu Afrika Mashariki kuanzia 1821 hadi 1872. Hakuwa na maabara ya kisasa. Alikuwa na masikio. Aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara, akalinganisha habari zao, na hivyo akaichora njia ambayo maradhi yaliifuata kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani, kisha Zanzibar mwishoni mwa 1869. Ni daktari huyo huyo aliyeandika mwaka 1872 makala juu ya homa ambayo Waswahili waliiita kidinga pepo, na wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba jina la kimataifa la homa ya dengi lilitokana na jina hilo. Yaani, ramani ya kwanza kubwa ya kipindupindu katika nchi zetu ilijengwa juu ya maneno ya watu wa kawaida waliojua kueleza walichokiona. Hatuna sababu ya kudhani kwamba wajukuu wao hawawezi.

Siku hizi ufuatiliaji umepiga hatua kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliochunguza chembe za urithi za bakteria waliohifadhiwa kwa miongo mingi, ulionyesha kwamba aina inayosababisha janga la saba la kipindupindu, lililoanza Indonesia mwaka 1961, imeingizwa barani Afrika angalau mara 11 tangu 1970. Watafiti hao walifanya jambo ambalo sisi wanaisimu tumezoea kulifanya kwa lugha za Kibantu: walilinganisha vizazi, wakachora mti wa ukoo, wakajua nani amezaliwa na nani. Funzo ni kwamba mgeni huyu huletwa na safari za binadamu, lakini hufanya maskani pale tu anapokaribishwa na maji machafu na ukosefu wa vyoo. Safari hatuwezi kuzizuia. Maji machafu twaweza.

Tugeukie nchi yetu. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, na tangu hapo kimekuwa kikirejea. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za mkoa wa Nyanza pekee zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na vifo 547 vikaandikwa. Watafiti waliochunguza mkurupuko ule waliyataja kama mambo ya hatari maji ya kunywa kutoka Ziwa Victoria, kula pamoja na mtu anayehara, na kuhudhuria karamu za matanga. Niliposoma matokeo hayo nikiwa mtu mzima, nililitambua tukio la shuleni petu, ingawa sisi hatukuwamo katika hesabu hiyo kama tulivyostahili kuwamo.

Naomba wanafunzi wa hesabu wazitazame takwimu hizo kwa makini. Vifo 547 kati ya wagonjwa 14,275 ni takriban asilimia 3.8. WHO yasema kwamba wagonjwa wakitibiwa mapema na ipasavyo, vifo havipaswi kufikia asilimia 1. Asilimia 1 ya wagonjwa wale ni 143. Tofauti ni watu wapatao 400. Hawa hawakuuawa na bakteria peke yake. Walikawia kufika, au dawa zilikawia kuwafikia. Na dawa yenyewe kwa wengi wao ni maji safi yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa anywe akiwa njiani kupelekwa hospitalini. Waliozidiwa huhitaji maji ya mshipani. Hakuna maradhi mengine mengi yanayoua haraka hivi na kutibika kirahisi hivi. Ndiyo maana kila saa inayopotea katika kutafuta neno la kupamba yahesabika.

Kwa nini basi serikali nyingi duniani huogopa kulitaja jina? Haki ya mnyonge apewe: sababu zao si za kipuuzi. Mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Wavuvi na wafanyakazi wa viwanda vya samaki kandokando mwa ziwa walipoteza riziki yao. Nchi iliyosema ukweli iliadhibiwa. Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005, zilizoanza kutumika 2007, zinataka hatua za kiafya zisitatize biashara na usafiri pasipo sababu, na huo ni uungwana uliochelewa. Hata hivyo kumbukumbu ya adhabu hudumu kuliko kanuni, na hofu ile ile ya waziri juu ya watalii ndiyo aliyokuwa nayo mwalimu wangu juu ya wazazi.

Matokeo ya hofu hiyo yaonekana katika hesabu za dunia. Wataalamu hukadiria kwamba kila mwaka kipindupindu hushika watu kati ya milioni 1.3 na milioni 4, na kuua kati ya 21,000 na 143,000. Lakini mwaka 2023 nchi 45 ziliripoti kwa WHO wagonjwa zaidi ya 535,000 na vifo zaidi ya 4,000. Mwaka 2024 nchi 60 ziliripoti wagonjwa zaidi ya 560,000 na vifo zaidi ya 6,000. Baina ya kinachokadiriwa na kinachoripotiwa pana bonde kubwa, na ndani ya bonde hilo wamelala watu ambao vifo vyao viliandikwa "tumbo", au havikuandikwa kabisa. Baadhi hufia vijijini mbali na hospitali. Baadhi hufichwa.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu kuu, nami nawaomba walimu waitafakari. Mwaka 2017 kikosi kazi cha kimataifa cha kudhibiti kipindupindu kilizindua mwongozo wenye shabaha ya kupunguza vifo kwa asilimia 90 na kukikomesha kipindupindu katika nchi zipatazo 20 kufikia mwaka 2030. Kenya nayo ina mpango wake wa kitaifa wa kukiangamiza kipindupindu kufikia mwaka huo huo. Shabaha hizi ni njema. Lakini shabaha inayopimwa kwa idadi ya wanaoripotiwa ina mtego ndani yake. Nchi yaweza kuifikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutandaza mabomba, kujenga vyoo na kutibu maji. Ya pili ni kuacha kuhesabu. Kwenye karatasi njia zote mbili hutoa jibu moja, na ya pili haina gharama ila ya uhai wa watu ambao hawatatajwa.

Dawa ya mtego huo si kuzitupa shabaha. Ni kuhakikisha kwamba hesabu ya wagonjwa haisomwi peke yake. Shabaha ya 6 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yahusu maji safi na usafi wa mazingira. Ya 3 yahusu afya, na yataja wazi maradhi yaletwayo na maji. Kaunti ikitangaza kwamba haina kipindupindu, iulizwe papo hapo: ni nyumba ngapi zina maji salama, na ni vinyesi vya wangapi vinavyotupwa mahali salama? Ni sampuli ngapi za wanaohara zilizopelekwa maabara mwaka huu? Sifuri yenye vipimo mia tano nyuma yake ni habari njema. Sifuri isiyo na kipimo hata kimoja ni ukurasa mtupu. Vilevile upo utaratibu uliopendekezwa mwaka 2021 wa kupima kasi: mkurupuko ugunduliwe ndani ya siku 7, uarifiwe ndani ya siku 1, na hatua za mwanzo zikamilike ndani ya siku 7 nyingine. Kipimo hiki kina faida moja kubwa. Kinamtuza anayesema mapema, badala ya kumtuza anayenyamaza.

Najua yapo mapingamizi. Wapo watakaosema kwamba jina likitajwa upesi watu watataharuki, wachuuzi wa vyakula watafukuzwa barabarani, na wakazi wa mitaa ya mabanda watanyoshewa vidole. Pingamizi hili ni zito, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa mara nyingi: kipindupindu kikitangazwa, wa kwanza kuandamwa ni mama anayeuza maharagwe na chapati, wala si anayehusika na bomba la maji taka lililopasuka juu ya kibanda chake. Lakini mwaka 2017 kipindupindu kiliwakumba hata wageni waliokula katika hoteli za Nairobi, na mkurupuko ulioanza Oktoba 2022 ulijitokeza kwanza baada ya harusi katika kaunti ya Kiambu, kisha ukaenea hadi ukawapata watu zaidi ya 12,000 nchini. Maradhi haya hayaulizi mtu analipa kodi kiasi gani. Anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20, na aghalabu kuyalipia bei ya juu kuliko mwenye bomba nyumbani, hana uchafu wa tabia. Ana ukosefu wa huduma ambayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, yasema ni haki yake: afya, usafi wa mazingira unaoridhisha, na maji safi na salama ya kutosha.

Kinachozua taharuki si jina, bali jina lililo peke yake. Tangazo lisemalo tu kwamba kuna kipindupindu jijini hutia hofu. Tangazo litajalo wadi, kisima kilichofungwa, mahali pa kupata klorini, zahanati iliyo wazi usiku, na jinsi ya kumnywesha mgonjwa maji ya chumvi na sukari, humpa mtu kazi ya kufanya, na mwenye kazi hana nafasi ya kutaharuki. Nimezoea kuwaambia wanafunzi wangu kwamba sentensi bora ya tangazo ni ile ambayo msomaji akiimaliza anajua anyanyuke aende wapi.

Na tangazo hilo liwe katika lugha gani? Kiswahili ni lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba. Hata hivyo taarifa nyingi za maradhi hutungwa kwa Kiingereza cha wataalamu, kisha hutafsiriwa kwa pupa na mtu ambaye hakuulizwa kama anaelewa. Huko mashinani nako, zipo nyumba ambazo bibi ndiye mwenye kauli juu ya mgonjwa, naye husikia lugha ya mama tu. Taarifa isiyomfikia bibi haijamfikia mgonjwa.

Nina maombi matatu, yote yako ndani ya uwezo wa shule. La kwanza ni kwamba mwalimu wa zamu na kiranja wa zahanati wafundishwe kuandika walichokiona, si walichokidhania wala walichoamriwa: mara ngapi, tangu saa ngapi, maji au damu, bweni gani, maji ya kunywa yalitoka wapi. Wanafunzi wawili wa bweni moja wakihara maji siku moja, afisa wa afya ya umma apigiwe simu siku hiyo hiyo, na asiwepo mwalimu mkuu wa kuadhibiwa kwa sababu alipiga simu.

La pili ni kwamba kila kaunti itoe hesabu zake za wanaohara maji kila wiki, kwa kila wadi, kwa Kiswahili chepesi, zikiambatana na hali ya maji ya wadi hiyo, nazo zibandikwe kwenye ukuta wa shule na zahanati. Mwanafunzi wa jiografia ataichora ramani. Wa hesabu atachora grafu. Wa Kiswahili ataandika tangazo badala ya ile insha ya kila mwaka juu ya siku asiyoweza kuisahau.

La tatu ni kwamba shule isiruhusu mwanafunzi anayehara maji apande matatu kwenda nyumbani. Aanze kunyweshwa pale pale, apelekwe kituo cha afya, na mzazi aambiwe ukweli. Kati ya haya yote, hili ndilo lisilongoja fedha wala mpango wa 2030.

Chanjo ya matone ya kunywa ipo, na mwaka 2023 ilitolewa katika baadhi ya kaunti zetu. Lakini tangu Oktoba 2022 uhaba wake duniani umelazimu watu wapewe dozi moja badala ya mbili wakati wa mikurupuko. Chanjo ni mwavuli wa kusubiria paa. Paa lenyewe ni maji safi na choo.

Lile daftari la jalada jeusi sijui liliishia wapi. Huenda lilichomwa pamoja na makaratasi ya muhula. Nakumbuka tu ukurasa wake mmoja, na sentensi yangu iliyopigwa mstari ambayo bado ilisomeka ukiitazama kwa makini: ameendesha maji mara nane tangu usiku. Ndiyo sentensi ya kweli kuliko zote nilizoandika katika miaka yangu minne ya shule ya upili. Mwalimu unayesoma makala haya, kesho kiranja wako akiandika sentensi kama hiyo, tafadhali usimshike mkono.